Fuso imekufa Kitonga: niweke injini gani ya milimani?

*Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Fuso ya zamani yenye injini 6D16 isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini). Nabeba viazi mviringo kutoka Makete kwenda Dar es Salaam, na kurudi napakia mbolea au saruji. Mwezi uliopita dereva wangu alikuwa anapanda mlima wa Kitonga na mbolea, gari ikachemsha. Akaongeza maji palepale, akaendelea. Karibu na Ilula ikazima kabisa. Wamefungua: pistoni mbili zimeshika na bloku ina ufa. Fundi wangu anasema 6D16 ni dhaifu kwa milima na kwamba tatizo haliwezi kuwa joto kwa sababu themostati aliitoa zamani. Moshi mweusi ilikuwa inatoa ikipanda, lakini tulijua ndiyo nguvu. Sasa nimetajiwa 6D17, 6D16 ya tabo, 6M60, na mwingine ananiambia niweke ya Scania 113 nisahau habari ya milima. Wengine wananitisha kwamba tabo huua injini. Sitaki kununua mara mbili. Niweke ipi?*

Ndugu yangu, pole sana kwa hasara. Bloku ikishapata ufa, kubadilisha ringi na metali (beringi za ndani ya injini) hakusaidii tena, kwa hiyo kutafuta injini nyingine ni sawa. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujatoa fedha tujue nini kiliiua hii ya kwanza. Rejeta bado ni ile ile, difu (gia za ekseli ya nyuma) ni ile ile, fundi na dereva ni wale wale. Ukiweka injini yoyote kati ya hizo nne bila kugusa mengine, unaweza kuniandikia tena mwakani.

Kitonga hupima upozaji wa injini kuliko inavyopima nguvu zake. Unaanzia bondeni Ruaha Mbuyuni, mita 500 na ushee juu ya usawa wa bahari, ambako mchana hewa yenyewe ina moto, unapanda mpaka Ilula iliyo juu ya mita 1,300. Kipande kile cha mlima injini inatumia uwezo wake wote huku gari ikienda polepole, kwa hiyo upepo wa mbele ni kama haupo na rejeta inaitegemea feni. Feni na pampu ya maji zinazungushwa na injini hiyo hiyo. Dereva aking'ang'ania gia kubwa kwa sababu bado inavutavuta, mizunguko inashuka hadi 1,100 kwa dakika, feni inalegea, maji yanatembea kivivu, na wakati huohuo kila pistoni inapokea dizeli ya kutosha kila inaposhuka. Joto linazaliwa haraka kuliko linavyoondoka. Angeshusha gia mapema, injini ikalia kwenye 1,900 au 2,000, mwendo wa gari ungekuwa karibu uleule na geji ingetulia. Madereva wengi hawapendi kelele hiyo, wanadhani injini inateswa. Kwa dizeli inayopanda mlima na mzigo, mateso yako kwenye ule mngurumo mzito wa chini wanaoufurahia.

Sasa themostati. Nakubali kwamba kuitoa ni desturi ya gereji nyingi, na fundi wako hakuibuni yeye. Lakini kwenye injini nyingi za malori ya Kijapani kifaa hicho kina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana: kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ya pili ndiyo husahaulika: kikishafunguka, upande wake wa chini unaziba njia ya mkato ambayo hurudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Gari ikitembea tambarare bila mzigo, geji itasoma chini hata kuliko kawaida na kila mtu ataridhika. Ikifika mlimani na tani za mbolea, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupozwa, wakati ambapo kila tone linahitajika kwenye rejeta. Kwa hiyo maneno kwamba haliwezi kuwa joto kwa sababu themostati ilitolewa, mimi nayageuza: kutolewa kwake ni mojawapo ya sababu ninazozishuku.

Kuna pia kifuniko cha rejeta, ambacho watu hukidharau kwa sababu ni kidogo na bei yake ni ndogo. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 pwani, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,000 huchemka kwa takribani 93. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva kwenu Makete. Kifuniko kizima hubana mfumo, na hata kile cha kawaida tu hupandisha kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 100 ukiwa milimani. Kikilegea springi au raba yake ikikauka, injini iliyotengenezwa ifanye kazi kati ya nyuzi 80 na 95 inabaki haina nafasi ya kupumua. Ongeza hapo maji matupu ya mtoni au ya bomba yaliyojaza magamba ndani ya rejeta kwa miaka. Na yale maji aliyoongeza dereva wako palepale, kama yalikuwa ya baridi na injini ilikuwa inatokota, chuma kilipata mshtuko. Ufa wa bloku mara nyingi huzaliwa dakika hizo. Njia sahihi ilikuwa kusimama pembeni, kuacha injini iendelee taratibu bila mzigo kama maji bado yapo, kisha kuizima na kusubiri mpaka mkono uweze kugusa rejeta.

Moshi mweusi nao si nguvu. Ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo, ikatoka kama masizi. Kadiri unavyopanda juu hewa inapungua, lakini pampu ya injini isiyo na tabo inaendelea kupima dizeli ileile ya pwani. Fundi akiifungua pampu kidogo ili gari iwe na hasira, kama wengi wanavyofanya, hali inakuwa mbaya zaidi: kichwa cha pistoni kinapata moto wa kupita kiasi, mafuta ya kulainisha yanaoshwa kwenye kuta za silinda, na pistoni inashika. Wewe umekuta mbili zimeshika. Ningependa kuona pampu hiyo kwenye benchi la kupimia kabla haijafungwa kwenye injini yoyote, hata kama injini mpya imekuja na ya kwake.

Tuje sasa kwenye nguvu zenyewe, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Farasi wa injini wanakuambia utapanda kwa mwendo gani. Kama utapanda au hutapanda, hilo linaamuliwa na nguvu ya kusokota ikizidishwa na gia na difu. Chukua lori lenye uzito wa tani 15 pamoja na mzigo, kwenye mpando wa asilimia 8, yaani unaopanda mita 8 kwa kila mita 100. Kulisukuma kwa kilomita 20 kwa saa kunahitaji takribani farasi 100 waliofika kwenye tairi. Kwa kilomita 30 kwa saa wanahitajika 150. Sasa chukua injini isiyo na tabo iliyoandikwa farasi 180. Kwenye mita 2,000 hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 18, kwa hiyo wanabaki kama 148. Gia boksi, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) na difu vinakula sehemu ya kumi, wanafika tairini kama 133. Hapo unapanda kwa kilomita 26 au 27 kwa saa. Injini ya tabo yenye farasi walewale 180 haipotezi kiasi hicho, itapanda kama kilomita 32. Kwenye mpando wa kilomita 10 tofauti yake haifiki hata dakika nne. Sikuletei hesabu hii kuidharau tabo. Nakuletea uone kwamba mtu anayeuza injini kwa kusifia itakavyokimbia mlimani anauza dakika nne, wakati wewe unanunua miaka.

Hewa ya juu inastahili neno zaidi, kwa sababu njia yako ni ya aina yake. Ukiwa Ilula umepungukiwa hewa kwa takribani asilimia 13 ukilinganisha na Dar. Njombe mjini, karibu mita 2,000, ni hiyo 18 niliyotaja. Ukipakia mashamba ya upande wa Kitulo, kule kwenye mita 2,600, karibu robo ya hewa imeondoka. Injini yako ya 6D16 ina ujazo wa sentimita za ujazo 7,545. Ikiwa Njombe inavuta hewa kama injini ya lita 6.2 iliyoko pwani. Hakuna fundi anayeweza kukurudishia hewa hiyo kwa bisibisi. Zipo njia mbili tu za kuipata: silinda kubwa zaidi, au tabo ya kuisukuma ndani.

Ndiyo tofauti ya 6D17 na 6D16 ya tabo, na hizo mbili ndizo ninazozichukulia kwa uzito.

6D17 ni ya ukoo mmoja na yako. Upana wa silinda ni uleule milimita 118, ila pistoni inasafiri milimita 125 badala ya 115, na ujazo unafika sentimita 8,201. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 9, tena inayopatikana kwenye mizunguko ya chini ambako mlima unaitaka. Ikiwa Njombe itavuta hewa kama injini ya lita 6.7 pwani. Hairudishi yote iliyopotea, inarudisha kama asilimia 40. Pampu yake kwa kawaida ni ya chuma tupu isiyo na kompyuta, na fundi wa Makambako au Mafinga anaifahamu. Kwa sababu ya undugu huo, kuifunga kwenye chesisi yako hakutahitaji kukata na kuchomelea kwingi, lakini usifunge macho: linganisha flaiwili, sahani ya klachi na kava yake, mashikio ya injini, upande wa sampu (karai la oili) na njia ya bomba la ekzosi kabla hujalipa. Fuso zilitoka kwa matoleo mengi, na mbili zinazofanana mlangoni zinaweza kutofautiana chini.

6D16 ya tabo ina ujazo uleule ulionao, lakini hewa inasukumwa ndani, kwa hiyo mwinuko hauiumizi sana na moshi mweusi unapungua. Kama kazi yako ingekuwa kuzunguka Makete, Matamba na Njombe mwaka mzima, kupanda na mzigo kutoka mabondeni, ningekuambia chukua hii bila kusita. Kuhusu kuua injini: tabo iliyofungwa kiwandani haiui. Shafti yake inaweza kuzunguka hata zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili, na kinachoiua ni oili chafu, chujio la hewa lililochoka, na dereva anayemaliza mlima kisha anazima injini papo hapo kwenda kunywa chai. Dakika mbili tatu za kuiacha ingurume taratibu kabla ya kuzima zinatosha. Swali ni kama una dereva wa kufanya hivyo kila siku usipokuwepo. Unamjua wewe.

Jambo moja nakukataza kabisa: usikubali kununua 6D16 ya kawaida halafu ufungiwe tabo pembeni. Injini za tabo kwa kawaida huwa na pistoni za namna yake, zenye mgandamizo mdogo zaidi, na vijibomba vinavyorusha oili kutoka chini kupoza pistoni. Ile ya kawaida huenda haina maandalizi hayo. Itapanda Kitonga vizuri mara chache, kisha utafungua na kukuta picha ileile uliyoiona mwezi uliopita.

6M60 ni injini nzuri. Ujazo wake ni sentimita 7,545 kama yako, ina tabo na kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, na inavuta kuliko zote nilizotaja hadi sasa. Lakini nyingi huja na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme na kompyuta, na hapo hununui injini peke yake. Unanunua kompyuta yake, waya zake zote bila hata moja iliyokatwa, pedali yake ya mafuta, vihisio vyake, na kwa kawaida gia boksi yake. Anayeichagua nashauri anunue kichwa kizima cha gari kilichokatwa, kilicho na vitu vyote hivyo pamoja, na awe na mtu wa mashine ya kusoma makosa ndani ya umbali wa kuvutwa. Halafu mafuta: nozeli hizo hazisamehe dizeli ya kwenye madumu. Kwa lori la zamani linalolala shambani Bulongwa wakati wa mvua, mimi nisingeichagua. Kwa mwenye gari tatu na karakana Mbeya mjini, ningefikiria vingine.

Scania 113 nitaipita haraka. Ni injini ya lita 11, imetengenezwa kuvuta tela. Uzito wake utakaa kwenye ekseli ya mbele isiyokuwa yake, na nguvu yake ya kusokota itaipata gia boksi yako, kisha propela, kisha difu, kila kimoja kikikatika kwa zamu yake. Rejeta haitatosha. Hata mzigo hautaongezeka, kwa sababu mizani ya Makambako haiulizi injini: kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ekseli ya mbele ya usukani ni tani 8 na ya nyuma moja yenye tairi nne ni tani 10, na kiwango cha mtengenezaji wa gari lako kinaweza kuwa chini ya hapo.

Kabla sijasema ningechagua ipi, kuna upande wa safari yako ambao hukuugusa. Umeniuliza kuhusu kupanda. Kitonga unaipanda na mbolea, lakini unaishuka na viazi, na msimu wa viazi tunaujua: magunia ya lumbesa, gari imejaa hadi turubai halifungi. Lori lilelile la tani 15 likishuka mteremko wa asilimia 8 kwa kilomita 30 kwa saa, kuna kitu lazima kimeze zaidi ya kilowati 80 za nguvu mfululizo, ni kama pasi za umeme themanini na kitu zimewashwa pamoja chini ya gari lako. Kama injini haizimezi, zinakwenda kwenye ngoma za breki. Ngoma ikishapata moto wa kutosha, unakanyaga na haishiki, hata kama upepo umejaa na laini ni mpya.

Injini inazuia gari kwa kubana na kusukuma hewa, kwa hiyo ujazo una maana kubwa hapa kuliko farasi. Breki ya ekzosi, ile klapu inayoziba bomba la moshi, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye injini ya lita 8.2 kuliko kwenye ya lita 5, hata kama hiyo ya lita 5 ina tabo na farasi wengi. Ndiyo sababu nawatilia shaka wanaofunga injini ndogo za silinda nne zenye tabo kwenye Fuso kubwa kwa ajili ya kubana mafuta. Kupanda zinapanda. Kwenye mteremko hazina cha kukushikia. Kagua pia klapu yako: kwenye Fuso nyingi za umri huo utakuta imeganda kwa kutu, au ilitolewa zamani na bomba likaungwa moja kwa moja. Injini mpya ikifungwa bila klapu inayofanya kazi, hata ikivuta vizuri, kwangu kazi haijaisha. Na dereva ashuke na gia ileile ambayo angepandia, aiingize juu kabla mteremko haujaanza, asiguse nyutro kwa sababu yoyote. Mizunguko ikikaribia alama nyekundu apunguze kwa breki kwa kukanyaga kwa nguvu na kuachia, badala ya kuegemeza mguu njia nzima.

Kwa hiyo, kwa njia yako, ningefunga 6D17. Inapanda na mbolea bila kukimbia, inashika vizuri ikishuka na viazi, na ikikufia njiani Mikumi utapata mtu wa kuifungua. Chaguo langu la pili ni 6D16 ya tabo ya kiwandani, na litakuwa la kwanza ikiwa utabadilisha biashara ukabaki nyanda za juu, au ukiipata iliyo safi kuliko 6D17 uliyoonyeshwa. Hali ya injini inashinda namba yake. 6D17 iliyochoka ni mbaya kuliko hata 6D16 ya kawaida iliyo nzima.

Huenda pia unachokosa hakipo kwenye injini. Fuso hizi zilitoka na difu za uwiano tofauti, na zilizouzwa kwa mwendo wa barabara kuu za Japani zina difu nyepesi, yaani yenye namba ndogo. Pima yako mwenyewe. Gari ikiwa tupu, mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele pande zote mbili, gia ikiwa nyutro. Achia hendibreki, kwa sababu nyingi inashika propela. Inua kwa jeki upande mmoja tu wa nyuma, weka stendi, chora alama kwenye propela, kisha zungusha tairi iliyoinuka mara mbili kamili. Idadi ya mizunguko ya propela ndiyo difu yako. Ukipata kama 5.3, kuhamia kwenye 6.1 kunakuongezea asilimia 15 ya mvuto katika kila gia, hata zile za chini kabisa, na kunaongeza ushikaji kwenye mteremko kwa kiasi hichohicho. Utakachopoteza ni mwendo: kwa tairi za 10.00-20 na gia ya mwisho isiyo ya ovadraivu (propela ikizunguka sawa na injini), injini itakuwa kwenye mizunguko 2,500 ukikaribia kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa lori kisheria hata hivyo. Kati ya Morogoro na Dar mafuta yataongezeka kidogo. Kwa mtu ambaye nusu ya njia yake ni milima, mimi naona ni biashara nzuri.

Ununuzi wenyewe unataka jicho lako. Injini ya mtumba, iwe ya Gerezani, Dar, au ya muuzaji wa Mbeya, usiinunue ikiwa imepakwa rangi mpya na imelala chini. Omba iwashwe ikiwa ya baridi; ukiikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma: mvuke mdogo ni kawaida, ikipuliza kama treni ringi zimekwisha. Fundi apime mgandamizo wa silinda zote sita, na kama moja iko chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu ya kumi, uliza kwa nini. Mwombe muuzaji ruhusa ya kushusha sampu mwangalie metali mbili tatu za konrodi. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atanung'unika, lakini ataruhusu. Kwa ya tabo, shika shafti kwa vidole: ikiyumba pembeni mpaka inagusa ukuta, hiyo inahitaji kazi. Fundi wa kukagua awe wako, asiwe wa duka.

Namba ya injini isomeke vizuri kwenye bloku, isiwe imesagwa, na upewe risiti na karatasi za forodha. Kadi ya gari yako ina namba ya injini iliyokufa. Kuibadilisha ni kazi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), pamoja na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, na bima nao wajulishwe. Usiahirishe. Ajali ikitokea na namba haziendani na kadi, utajieleza kwa watu wengi.

Kazi tatu usizifanyie chini ya mwembe. Pampu na nozeli zipelekwe kwenye karakana yenye benchi la kupimia, uwaambie gari inafanya kazi kwenye mwinuko gani ili wasiipe dizeli ya kupita. Rejeta ifunguliwe na kusafishwa mirija, isipulizwe tu kwa maji ya presha, na ikiwa imezibwa mirija mingi kwa lehemu nunua nyingine. Mfumo wa breki ukaguliwe na mtu anayejua breki za upepo, ngoma zitolewe, kwa sababu gari iliyoshuka Kitonga miaka yote hiyo bila klapu ya ekzosi huenda ina ngoma zenye nyufa. Wakati wa kufunga, weka themostati mpya, kifuniko kipya cha rejeta, mpira wa feni mpya, na kipozeo cha dukani badala ya maji ya mtoni. Na mpe dereva onyo hili: taa ya oili ikiwaka, au maji yakionekana kwenye oili, au harufu ya breki ikiingia kwenye kabini, anasimama hapohapo na kukupigia wewe, hata kama kuna mteja anasubiri Ilala.

Safari za kwanza pakia nusu. Baada ya kilomita 1,000 hivi badilisha oili na chujio, kaza mashikio ya injini na bolti za ekzosi, kagua mipira ya maji. Ukishapima difu nitumie namba uliyoipata, pamoja na picha ya kibao cha chesisi na ya gia boksi. Kama imetoka chini ya 5.5, subiri nikujibu kabla hujalipia injini.